Usiitike Ziyani

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, hapo kwetu Msambweni, Uhuru una mwaka mmoja au miwili hivi, Baba alipotangaza kwamba tunakwenda mandari Ziyani. Siku hizi mtu akitaka kutembea huingia tuktuk, akashuka Diani, akapiga picha zake akarudi. Sisi mandari lilikuwa jambo la kuzungumzwa wiki nzima. Mahamri yanapikwa, leso zinapigwa pasi, watoto wanasuguliwa kwa dodoki mpaka wanalia. Na mandari hii ya Baba ilikuwa na kishindo zaidi, kwa sababu haikuwa ya ufukweni. Ilikuwa ya bara, ziwani.

Kwa lugha ya nyumbani ziya ndilo ziwa, ndiyo maana pakaitwa Ziyani, lakini hilo halikuwapo tangu dunia kuumbwa. Lilitengenezwa. Serikali ya Mkoloni ilileta makatapila, ikauziba mto kwa tuta la udongo na mawe, na maji ya mvua yakajaa bonde zima kule nyuma ya vilima, njia ya Kinango. Walisema ni la kunyweshea ng'ombe. Haya, ng'ombe walinywa, ila upande mmoja, ule wa matope. Upande wa pili Wazungu walijijengea banda la kupumzikia, wakaleta mashua zao za bati, wakawa wanakuja Jumapili kuvua samaki na kupiga kanga kwa bunduki. Na palikuwa na kibao cha kutukataza sisi. Baba alikisoma kibao hicho akiwa kijana, na hakukisahau. Alikuwa mwalimu wa shule, mtu mpole asiyejua hata kugombeza kuku, lakini ukimtajia kile kibao mishipa ya shingo ilimsimama.

"Kibao kimeng'olewa," alituambia siku hiyo, anang'ara uso mzima. "Na sisi sasa tukakae kivulini, tule, tutazame ndege. Ziwa ni letu."

Bibi, mamake Baba, alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Akasema bila ya kuinua kichwa, "Lilikuwa letu kabla halijawa ziwa."

Bibi alizaliwa katika bonde lile. Aliolewa pwani angali kigori, akasilimu, akajifunza kupika samaki wa nazi mpaka watu wakasahau kuwa si mtu wa bahari. Lakini mama yake alizikwa kule kwao, ubavuni mwa mji wao, penye mkwaju mkubwa. Tuta lilipojengwa watu wa bondeni waliambiwa wahame, wakahama. Walichukua mbuzi wao, wakachukua vinu na hata milango. Kaburi halichukuliki. Habari zilimfikia Bibi maji yalipokwisha kutanda, na hakuwahi kwenda kuyatazama.

Jioni ya kabla ya safari alituita mimi na mdogo wangu Nyamvula, aliyekuwa hajaanza hata shule, akatukalisha mbele yake.

"Mkifika kule chezeni mtakavyo," alisema. "Lakini ziyani mtu haitwi kwa jina. Ukimtaka mwenzio piga kofi, piga mluzi, mrushie kijiwe. Jina usilitaje. Na ukisikia jina lako, usiitike, usigeuke. Anayekuita si mtu."

"Ni nani, Bibi?" Nyamvula aliuliza. Huyo alikuwa haachi kuuliza, na mpaka leo hajaacha.

"Majina yenu mmeazimwa, wajukuu zangu. Wenyewe wako chini kule. Ukilitaja jina juu ya maji, na wa chini naye husikia, hudhani ni yeye anayeitwa. Sasa mtoto naye akiitika, huwa wawili wameitikia jina moja. Hapo mmoja humvuta mwenziwe."

Mimi sikuogopa sana, nasema ukweli. Jina langu ni Mejumaa, nimezaliwa Ijumaa. Jina langu limeazimwa siku, halikuazimwa mtu, na Ijumaa haijazikwa popote. Lakini Nyamvula alitumbua macho. Yeye alikuwa amepewa jina la mama yake Bibi, yule yule wa kaburini.

Baba alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akacheka. "Mama, ziwa lenyewe limechimbwa juzi hapa na katapila. Hao wa chini wamehamia lini?"

"Hawakuhamia," Bibi akamjibu. "Wao ndio waliokuwapo. Yaliyohamia ni maji."

Baba akatoka kwenda kuulizia lori.

Lori lilikuwa la Mjomba Kassim, kaka yake Mama, alilokuwa akibebea nazi. Asubuhi tulipokuwa tunapakia sufuria na mikeka, tukidhani Bibi atabaki kulinda nyumba, tukamkuta amekwisha kukaa mbele kando ya dereva, amejitanda leso yake nzuri, mkoba mapajani. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Tulipofika, mimi nilisimama juu ya lile tuta nikanyamaza, na wanaonijua watakwambia kuwa hiyo si kawaida yangu. Watoto wa pwani tunajua maji yanayokwenda na kurudi, maji yenye kelele. Haya yalikuwa yamekaa tu, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa kwa karibu na ya buluu kwa mbali, yamezungukwa na vilima. Katikati ilisimama miti mikavu iliyokufa maji, na juu ya kila tawi minandi imetandaza mabawa kuyaanika. Yangeyange wanatembea kwenye matope kwa madaha kama maharusi. Kenge mmoja mkubwa alijitumbukiza tukaruka sote, na Mjomba Kassim, jitu zima lenye ndevu, ndiye aliyeruka zaidi.

"We shujaa!" Mama akamcheka. "Angekuwa mamba ungefika Kinango kwa miguu!"

Bibi aliyatazama maji kwa muda. Alikuwa anautafuta mkwaju, nilijua, kwa sababu alitazama mti mmoja mkavu baada ya mwingine, anatikisa kichwa. Kisha akatandika mkeka wake chini ya mgunga, akaketi ameyapa maji mgongo.

Lakini ilikuwa siku tamu, sitamsingizia mtu. Baba alikunja suruali mpaka magotini, akatuonyesha mdiria anavyojirusha majini akatoka na samaki. Tulikula pilau, tukala mahamri, tukanywa chai ya tangawizi. Na kwa heshima ya Bibi hakuna aliyemwita mwenziwe kwa jina. Ikawa mchezo. "We mwenye kofia!" "Nyie wa huko!" "Psst, mama watoto!" Hata Baba, na mantiki yake yote ya kiualimu, alikuwa anapiga kofi akimtaka mtu. Alifanya kama anatania. Mimi nilimwona kuwa hatanii sana.

Baada ya kula watu wakalegea. Mjomba Kassim alilala chini ya lori, Baba alikuwa anajiandaa kwa sala, Mama anaosha sinia kwa mchanga. Ndipo Mama akaniuliza, "Mdogo wako yuko wapi?"

Mimi! Kana kwamba nilikabidhiwa kwa mkataba. Nimeulizwa swali hilo maisha yangu yote, mpaka harusini kwake.

Hakuwapo kwenye mkeka. Hakuwapo ndani ya lori, wala nyuma ya mgunga. Mwanzo tulimtafuta kwa makofi. Baba akapiga mluzi. Mama akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, ko-ko-ko, kama anayefukuza ndege mpungani. Kimya. Ndege waliruka, wakazunguka, wakarudi mitini kwao. Tukapita ukingoni kuelekea kwenye lile banda la Wazungu, sasa limebaki kuta na popo, na hapo Mama akaona kipande cha hamri kimeumwa upande mmoja. Kilikuwa ukingoni kabisa, maji yanakilamba. Mbele yake matope yalikuwa na nyayo ndogo zinazoingia majini. Za kutoka hazikuwapo.

Sijawahi kumwona Mama vile, wala sitaki kuona tena. Aliangusha kifuniko, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote:

"Nyamvulaaa!"

Kutoka kilima cha ng'ambo, juu ya maji, sauti ikarudi: "...mvulaaa."

Sote tuliganda. Leo najua ni mwangwi, Baba alinieleza tena na tena mpaka nikachoka. Lakini saa ile, Wallahi, ilikuwa sauti ya mtu mwingine, mwanamke, aliye mbali na asiye na haraka. Nikamtazama Baba. Kisha akaipasua sauti yake naye, "Nyamvula! Nyamvula mwanangu!" na Mjomba Kassim akaja mbio, akaita, na mimi nikaita, na kilima kikawa kinatuitikia sote, jina juu ya jina, mpaka hukujua ni nani anaita na ni nani anaitwa. Mtoto hakujibu. Baba aliingia majini mpaka kifuani, anapapasa kwa mikono chini ya maji, na alichokuwa anapapasia kila mmoja wetu alikijua, hakuna aliyekisema.

Bibi alikuwa bado ameketi kwenye mkeka.

Nilimwona anainuka. Aliinuka pole pole, kwanza goti, kisha mkono, akaja mpaka tulipo. Akampita Mama. Akaingia majini na viatu vyake, leso ikaelea nyuma yake, akasimama maji yanapomfika magotini. Akakusanya viganja mdomoni.

"Mama!" aliita. "Mama wee! Mamaaa!"

Kwetu, mtoto aliyepewa jina la mama yako ndiye mama yako. Bibi hakuwahi hata siku moja kumwita Nyamvula kwa jina tangu alipozaliwa. Alikuwa akimwita Mama. Mama njoo ule, Mama lete maji, Mama nitakuchapa. Tulikuwa tumezoea hata hatukusikia tena. Lakini pale, bibi kizee mwenye mvi, majini, anaita mama yake juu ya bonde alimozikwa mama yake, sauti yake haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. Mjomba Kassim aligeuza uso.

Akaita tena. "Mama! Niitikie mama yangu!"

"Bee!"

Ilitoka mbali, upande ambao hakuna aliyeutazama, ndani ya matete marefu yaliyoota karibu na kichwa cha tuta. Nyembamba, lakini bee kamili, yenye adabu zake.

Baba na Mjomba Kassim walikwenda, huyu anaogelea, huyu anasukuma matope kwa miguu. Walimkuta ndani ya mashua moja ya zile za Wazungu, iliyoachwa ioze. Alikuwa amemfuata bata na vifaranga vyake, akapanda, mashua ikateleza kutoka matopeni, ikamchukua taratibu mpaka matete yalipoizuia. Bati lilikuwa limetoboka. Alikuwa amekaa kwenye ubao wa kukalia, miguu ameikunja kwa sababu maji ndani ya mashua yalikuwa yamekwisha kuufikia huo ubao. Bado kidogo tu.

Na alipoletwa, mgongoni mwa Baba, hakuwa analia. Alikuwa anajivuna! Alimtafuta Bibi kwa macho, akamwambia, "Bibi, uliwasikia walivyokuwa wakiniita? Walikuwa wengi! Sikuitika hata mmoja."

"Hukunisikia mimi?" Mama akamuuliza.

"Nilikusikia. Nikajua si wewe. Wewe umeambiwa usiite."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Mtoto yumo katika mashua inayozama, anamsikia mama yake mzazi akimlilia, na anaziba masikio kwa utiifu. Tungeendelea kuita vile, angetii mpaka mwisho.

Mama alimpiga kofi la tako, akamkumbatia, akamgeukia Bibi. Mama yangu hakuwa mtu wa kumjibu mkwewe. Alikuwa akimtilia maji ya kuoga kila jioni na kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Siku ile alisema, "Mama, mwanangu alikuwa ananisikia! Ananisikia na ananikana! Ni maneno yako hayo!"

Baba alitaka kuingilia. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Ni kweli," alisema. "Ni maneno yangu. Na wewe ulikuwa na haki kuita."

Basi. Hakujitetea, hakusema "lakini." Alikuwa bado amesimama pale majini, na ilibidi Mjomba Kassim aende akamshike mkono kumtoa, kwa sababu matope yalikuwa yamemshika miguu. Kiatu kimoja kilibaki huko. Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma na sisi, kwenye mikeka, amempakata Nyamvula, na Mama amekaa mbele. Wakawa hawasemezani ila salamu, mpaka Bibi aliposhikwa na homa na Mama akampelekea uji. Aliukoroga mwenyewe, akamnywesha mwenyewe, na mambo yakaisha kama yanavyoisha mambo ya watu wanaokula jikoni moja.

Mtaani hadithi ilienea, na kila mtu alijikatia kipande chake. Wako waliosema: mnaona sasa! Jina lilitajwa, mtoto akapotea zaidi, alipoitwa bila ya jina akarudi. Mnataka ushahidi gani? Na wako waliosema kama Baba, kwamba ushirikina ulitaka kutuulia mtoto mchana kweupe. Jambo ni lile lile moja, na kila upande umetoka nalo umeshinda. Zamani nilikuwa nikibishana na wote wawili. Siku hizi nawaachia, maana wote wana haki na wote wananiudhi.

Nilipokuwa mwanamke mzima, na watoto wangu mwenyewe, nilikuwa nikienda kumkanda Bibi miguu. Alikuwa haoni vizuri tena. Jioni moja nikamuuliza lile ambalo sikuthubutu utotoni. "Bibi, ulikuwa unaamini kweli? Kwamba wa chini huitika?"

Alijivutia leso mabegani.

"Siku nilipoambiwa maji yamemfunika," alisema, "nilitaka kwenda nikamwite. Mtu akipotelewa si huita? Kisha nikaona, nikiita na asiitike, nitafanya nini mimi? Bora asiitwe. Bora asiitwe na mtu yeyote." Akanyoosha mguu wa pili niukande. "Mpaka siku ile. Nikaita Mama, kwa mdomo huu, juu ya maji yale. Nikaitikiwa. Waulize wa umri wangu, mjukuu wangu, waulize ni wangapi wameita mama wakaitikiwa."

Alikuwa anatabasamu. Mimi niliendelea kukanda, machozi yananidondokea mikononi, na mafuta ya nazi yanateleza.

Ziwa lipo. Vijana huenda na muziki wao na simu zao, huimba, huitana kwa majina yote wanayoyajua, na ndege wamewazoea. Nimekwisha kuwapeleka wajukuu zangu. Kabla hawajashuka garini nawakusanya, nawaambia: hapa ukiitwa, itika. Ukiitwa na mama, itika, ukiitwa na shetani, itika, shetani niachieni mimi. Nyamvula, aliye bibi wa watu sasa na bado haachi kuuliza, hucheka mpaka akakohoa. Lakini mimi mwenyewe nikiwa pale jina lake silitaji. Humwita "We!" naye huja.

Mama yangu alifariki, Mungu amrehemu, na kaburi lake liko pakavu, tunalifyeka kila mwaka. Kuna kitukuu chake cha kike, mtoto wa mwanangu, kilichopewa jina lake. Nikimwita Mama huitika "Eee" refu la uvivu, macho kwenye simu, na wazazi wake humgombeza: ndivyo unavyomwitikia bibi yako? Itika vizuri! Mimi huwaambia wamwache mama yangu, ameitika.